Watu wakicheka mahali pa kulia, mchezo umefeli? Wajuzi wa jukwaa njooni

#1 mkaa_baraza
Wadau, salaam.

Ijumaa nilikuwa Ngome Kongwe ya Unguja kwenye mchezo wa kuigiza wa vijana wa hapa mjini. Jina la kikundi naliweka pembeni, sitaki ugomvi. Kisa chenyewe si kigeni: binti kamkataa mume aliyechaguliwa na baba, mama yuko katikati hajui ashike wapi, shangazi anachochea kuni. Mambo yalikwenda vizuri mpaka pale baba anapomwambia mwanawe atoke na asirudi hata siku ya maziko yake, akamzaba kofi. Pale ndipo watu walipotakiwa wanyamaze. Badala yake ngazi zote zile za mawe zikaangua kicheko. Si wawili watatu, karibu uwanja mzima. Binti wa watu kasimama anatutazama, sijui alikuwa anaigiza au kweli kachanganyikiwa.

Sasa nimeombwa niandike uhakiki mfupi, na kila nikishika kalamu naishia "mchezo ulipendeza, waigizaji wamejitahidi". Hiyo si tathmini, hiyo ni shukurani ya mwenye harusi.

Maswali yangu mawili. Mchezo wa jukwaani unapimwa kwa kipimo gani hasa? Na kicheko kile niandike ni kosa la nani?

#2 bintiwete
Nimetandika mkeka. Mkate wa ajemi uko njiani.

#3 maalim_wa_dole
Kipimo kipo na skuli tunakifundisha kila mwaka. Anza na maudhui: dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo wa mwandishi. Njoo kwenye fani: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Toa mifano kwa kila hoja, malizia kwa kufaulu na kutofaulu kwa mwandishi. Ukifuata hivyo huwezi kupotea.

#4 fundi_taa
Maalim, kwa heshima zote, hapo umemhakiki mtu aliyelala kwake. Skripti ni karatasi. Vipi aliyesimama mbele yetu kaupa umma mgongo? Vipi maleba, yale mavazi ya jukwaani, taa, sauti, mwendo wa mtu kutoka kona hii mpaka ile? Nimewasha taa kwenye michezo iliyoandikwa ovyo na watu wakatoka wanafuta macho. Na nimewasha kwenye maandishi ya watu wakubwa, watu wakainuka katikati kwenda Forodhani kula mishkaki.

Kwa Ngome Kongwe, cha kwanza ninachotazama ni kama maneno yanafika ngazi ya juu. Pale hakuna paa. Upepo wa kusi ukivuma sauti inaliwa. Mwigizaji anayejua kazi yake huzungumza na mwenzake huku kifua kakielekeza kwa watu. Asiyejua hukabiliana na mwenzake uso kwa uso, nusu ya uwanja ikabaki kutazama sikio lake. Cha pili, lile giza la kubadilisha vitu kati ya onyesho na onyesho. Likizidi pumzi chache watu wanatoa simu, na mkishapoteza macho yao mnaanza upya kuwarudisha. Hayo hayamo kwenye "fani na maudhui" yako.

#5 mtoro_wa_Tunguu
Tulisoma kuwa Aristotle, yule mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, kaweka sheria tatu: umoja wa tendo, umoja wa wakati na umoja wa mahali. Mleta uzi, kisa kilihama hama? Kama kilitoka nyumbani kikaenda sokoni kikarudi, basi umeshapata kosa la kuandika.

#6 mzee_wa_vuga
Mwanangu, usimbebeshe Aristotle mizigo ya watu. Yeye alisisitiza umoja wa tendo, kwamba vipande vya kisa vishikane hata ukikitoa kimoja vingine viyumbe. Wakati aliugusa tu, aliposema tanzia, yaani mchezo wa huzuni, hujitahidi kubaki ndani ya mzunguko mmoja wa jua. Mahali hakukufanya sheria. Wataliano wa karne ya 16 ndio waliofunga hesabu ikawa tatu, Castelvetro mwaka 1570, kisha Wafaransa wa karne ya 17 wakazishikia bango.

Kilicho chake ni yale mambo sita ya tanzia: msuko wa kisa, wahusika, fikra, lugha, muziki na yanayoonekana kwa macho. Na hayo ya macho aliyaweka nyuma kwenye sanaa ya mtunzi, alisema tanzia ina nguvu zake hata bila ya maonyesho. Kwa hiyo fundi_taa hapo hana rafiki.

#7 fundi_taa
Ndiyo maana hajapata kuitwa kwenye mazoezi.

#8 bintiwete
Mtatupeleka Ugiriki na nauli hatuna. Turudi kwenye kofi. @mkaa_baraza, lilipigwaje hilo kofi?

#9 mkaa_baraza
Nilikaa ngazi ya tatu kutoka chini, niliona vizuri. Baba alivuta mkono kutoka mbali, ukapita mbele ya uso wa binti, baina ya kiganja na shavu ungepitisha mkate mzima. Binti kichwa kikageuka. Halafu, baada ya kichwa kushageuka, ndiyo ikasikika "pa!" kutoka nyuma ya pazia. Kuna mtu alikuwa kule anapiga makofi kwa ajili yake.

#10 fundi_taa
Uzi ufungwe. Sauti imechelewa, watu wamecheka. Kosa la mwongozaji, hakufanya mazoezi ya kutosha na mpiga makofi.

#11 karata_sita
Usifunge mkuu. Yule baba simjui jina lakini kama ndiye ninayemdhania, ni mchekeshaji, klipu zake zimejaa kwenye simu za watu. Yule hata akisoma ratiba ya boti watu wanacheka. Walimcheka yeye, hawakucheka kofi. Unapotathmini usisahau kuwa mwigizaji anaingia jukwaani na mizigo yake ya nyuma. Aliyempa nafasi ile alijua watu watajaa. Tiketi ziliuzwa, kilio kikakosekana.

#12 Pwani_Mchangani
Au walioanza ni wageni? Ngome Kongwe nusu ya viti ni wazungu, hawafahamu neno, wanaona mtu anarusha mkono wanadhani ni vichekesho. Wenyeji wakafuata mkumbo.

#13 mkaa_baraza
Hapana. Wageni siku ile walikuwa wachache, na wao ndio walionyamaza!

#14 nahodha_mstaafu
Nyinyi mnatafuta kosa kwenye mkono na kwenye spika. Tafuteni kwenye watu. Tukiwa skuli hapo Ng'ambo tulicheza mchezo wa mlevi anayempiga mkewe. Safu ya mbele alikaa jirani mmoja, mtaa mzima tulikuwa tukisikia usiku vyombo vikivunjika kwake. Basi yule bwana alicheka kuliko wote, akipiga mapaja. Mkewe pembeni kainamia kanga yake. Hapo mtanambia mchezo ulifeli? Mtu akionyeshwa nyumba yake mbele za watu, acheke, afanye nini? Ainuke aseme ndiyo ni mimi?

Mimi ningeandika kuwa kicheko kile ni ushahidi mchezo umefika.

#15 mzee_wa_vuga
Naongeza juu ya nahodha. Brecht, yule mtunzi wa michezo wa Kijerumani, hakutaka mtazamaji azame kwenye kisa mpaka ajisahau. Alitaka abaki na akili yake, ajiulize kwa nini mambo yako hivi na si vingine. Kuvunja ule mzuka makusudi ilikuwa mbinu yake. Na msidhani haya ni ya mbali, mtunzi wetu Ebrahim Hussein alisomea udaktari wake wa falsafa Berlin, Chuo Kikuu cha Humboldt, na ukisoma mchezo wake wa Mashetani wa 1969 utaona...

#16 maalim_wa_dole
Samahani mzee wangu. 1969 ni Kinjeketile. Mashetani ni 1971.

#17 mzee_wa_vuga
Ahsante maalim. 1971. Utaona mchezo unaanza na watu wawili wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu chini ya mbuyu, na wewe mtazamaji unajua kuwa wanacheza. Hakufichi kuwa hili ni jukwaa. Sasa mtu akiupima kwa kuuliza "nililia au sikulia?" ataukosa wote. Na asiyejua yaliyotokea Unguja 1964 atawaona Juma na Kitaru ni marafiki waliokosana tu, hatajua kwa nini mmoja nyumba yao imeshuka na mwingine wa kwao wamepanda. Kwa hiyo kipimo cha kwanza: mchezo huu umejiweka upande gani, na umezaliwa kwenye mazingira gani.

#18 bintiwete
Mzee wangu nakuheshimu, lakini tusimsingizie Brecht kila kofi linalokosa shavu. Kuvunja kwa makusudi ni kitu kimoja na kuvunjikiwa ni kingine. Wale vijana kama walitaka tucheke, wangekuwa wameshatuandaa tangu mwanzo. @mkaa_baraza, onyesho la kabla ya kofi lilikuwa la nini?

#19 mkaa_baraza
La shangazi na jirani wakimchamba mchumba, anavyotembea, anavyokula urojo na kijiko cha chai. Watu walivunjika mbavu. Halafu baba akaingia moja kwa moja, bila ya taa kuzimwa.

#20 bintiwete
Haya. Watu kinywa bado kiko wazi na mnawataka walie. Hilo ni la msuko, si la kofi.

#21 fundi_taa
Au la taa. Hawakuzima.

#22 karata_sita
Juzi ulikuwa unalalamikia giza, leo unalitaka 😂

#23 fundi_taa
Giza kama chumvi, yakhe. Nalalamikia lisilojua kazi yake.

#24 shuka_la_mradi
Mimi natoka upande mwingine. Tunazunguka shehia kwa shehia na sanaa shirikishi: malaria, udhalilishaji, utunzaji wa mikoko. Hatuna jukwaa wala pazia, chini ya mwembe tu. Sisi mchezo tunausimamisha pale mgogoro ulipopamba moto, tunawauliza watu, "Hapa mama afanye nini?" Mtu anatoka anaingia mahali pa mwigizaji anatuonyesha. Ni njia za Boal, yule Mbrazili. Kwetu mchezo mzuri ni ule ambao watu wamebaki wanabishana baada ya sisi kupakia gari. Taa na maleba hatuna habari nazo.

#25 karata_sita
Na ile michezo ya mradi ambayo mhusika anaacha kumuuguza mwanawe, anatugeukia, "Ndugu wananchi, tutumie vyandarua"? Halafu anarudia mara tatu maana mfadhili kakaa mbele? Ile unaipima kwa kipimo gani, kwa idadi ya vyandarua?

#26 shuka_la_mradi
Ipo, sikatai. Na tunaijua wenyewe tukiwa tunaicheza. Watoto wanaanza kuondoka mmoja mmoja. Lakini na wewe usiseme ujumbe ni dhambi. Tatizo ni pale mhusika anapokuwa hana analolitaka yeye mwenyewe ila kutuambia sisi.

#27 maalim_wa_dole
Hilo la mwisho nitaliazima nikawape wanafunzi. Mhusika awe na analolitaka.

#28 mtoro_wa_Tunguu
Kuna yale maswali matatu wanayomnasibishia Goethe, yule mwandishi wa Kijerumani: msanii alikusudia nini, amefanikiwa kiasi gani, na je, lilikuwa jambo la kufaa kufanywa? Mimi nayaona yanatosha. Swali la tatu peke yake linaweza kuumaliza mchezo ambao umechezwa vizuri lakini ni upuuzi.

#29 nahodha_mstaafu
Alikusudia nini utajuaje? Utamfuata nyumbani umuulize?

#30 mtoro_wa_Tunguu
Kwa nini nisimuulize? Mwongozaji yuko Mwanakwerekwe, hayuko Ujerumani.

#31 fundi_taa
Usimuulize. Mwongozaji baada ya mchezo kila kosa ataliita makusudi. Ninawajua. Taa ikiungua, "nilitaka kuonyesha giza la nafsi".

#32 bi_mkubwa_kikwajuni
Assalaam aleikum wanangu. Mimi nilikwenda Jumamosi, usiku wa pili, mchezo huo huo. Hakucheka mtu.

#33 bintiwete
Aleikum salaam bibi. Subhanallah! Hebu tupe.

#34 mkaa_baraza
Bibi, baba alikuwa yule yule?

#35 bi_mkubwa_kikwajuni
Yule yule, na ndevu zile zile za pamba. Kofi lilikuwepo, ila sikusikia sauti ya nyuma. Lakini mimi sikutazama kofi. Nilimtazama mama. Wakati baba anafoka, yule mama alikuwa anakunja kanga za mwanawe azitie kwenye begi. Anazikunja vizuri, pindo kwa pindo, anainyoosha kwa kiganja kama za kupeleka zawadi, na hasemi kitu. Ilipofika ya tatu mikono ikaanza kwenda mbio, akaivuruga, akaanza upya. Pembeni yangu mwanamke mmoja simjui akanishika goti.

Ukiniuliza mimi mchezo ulikuwa pale kwenye zile kanga. Baba na kelele zake alikuwa anapita tu.

#36 mkaa_baraza
Kanga! Ijumaa mama alisimama tu kashika mdomo. Hakukuwa na kanga wala begi.

#37 fundi_taa
Basi wamebadilisha baada ya kuumbuka Ijumaa. Sauti wametoa, mama wamempa kazi ya mikono. Mwongozaji huyo anasikia.

#38 karata_sita
Au hakubadilisha kitu, mama kajitungia mwenyewe. Waigizaji wazuri hufanya hivyo.

#39 nahodha_mstaafu
Au watazamaji ndio tofauti. Ijumaa vijana, Jumamosi watu na familia zao. Nani atacheka baba anafukuza mtoto na baba yake mwenyewe kakaa ngazi ya juu yake?

#40 maalim_wa_dole
Hapa ndipo ninapokubaliana na fundi_taa, na silipendi. Kitabu ukikifunga Ijumaa ukakifungua Jumamosi maneno ni yale yale. Huu umebadilika usiku mmoja. Basi mleta uzi aandike tarehe na aseme ni usiku upi aliouona, asiuhukumu mchezo wote kwa Ijumaa.

#41 bintiwete
Naam. Na kuna jambo mmelipita wote. Baba alizungumza lahaja gani?

#42 mkaa_baraza
Mmh. Alikuwa anajifanya wa Pemba. Wengine wote Kimjini.

#43 bintiwete
Nilijua! Mkitaka mbahili, mkitaka mkaidi, mkitaka baba asiyesoma, mnampa Kipemba, tena cha kuokota, mtu kafika Mkoani mara moja kwenye msiba. Mama na binti wa nyumba moja wanasema Kimjini, baba peke yake katoka ng'ambo ya bahari? Watu waliambiwa tangu mwanzo kuwa huyu ni wa kuchekwa. Wakacheka. Hilo liandike, mkaa_baraza, na usilipunguze. Lugha ya mhusika haiwekwi kwa ajili ya kicheko cha bure.

#44 karata_sita
Bibie pole, lakini Jumamosi si Kipemba kile kile na hawakucheka?

#45 bi_mkubwa_kikwajuni
Kilikuwa kile kile. Kibovu kweli.

#46 bintiwete
Basi Jumamosi kanga zilimwokoa. Hoja yangu iko pale pale.

#47 Pwani_Mchangani
Wapemba mna jukwaa gani nyinyi? 😄

#48 bintiwete
Umeuliza wewe. Kibati unakijua? Majibizano ya papo kwa papo juu ya ngoma, mmoja anatupa neno, mwenzake analidaka kabla halijatua, waimbaji wanapokea kiitikio. Hakuna skripti. Na kipimo chake kila mtu anakijua, hata mtoto: aliyenyamaza kapigwa. Humhitaji Castelvetro.

Na kwa faida yako, Said Ahmed Mohamed ni mtoto wa Pemba. Kasome mchezo wake wa Amezidi, uwaone Ame na Zidi, mtindo wa kibwege, wa mambo yasiyo na mantiki, unacheka na tumbo linakuuma papo hapo. Ndiyo maana nasema kicheko peke yake hakina hukumu. Uliza kinamcheka nani.

#49 mzee_wa_vuga
Kwa kibati umenifunga mdomo. Sisi mjini tuna kipimo cha taarab, mtu akiguswa na ubeti anainuka anatunza, anampa mwimbaji fedha. Lakini nimeona watu wakitunza si kwa sababu ubeti mzuri, ni kwa sababu jirani yao kakaa pale na ubeti unamhusu.

#50 nahodha_mstaafu
Yale yale ya bwana wa kupiga mapaja.

#51 maalim_wa_dole
Mkaa_baraza, kwa upande wa kuandika: kwanza tueleze ulichokiona, kama ulivyotueleza kofi. Kwa nini tulielewa papo hapo? Kwa sababu ulisema mkono ulipita wapi na sauti ilitoka lini. Hukusema "uigizaji ulikuwa hafifu". Halafu sema unadhani maana yake nini, hukumu ije nyuma. Na gawa lawama: lipi la mwandishi, lipi la mwongozaji, lipi la mwigizaji. Onyesho la mchumba kukaa karibu na kofi ni la mwandishi au mwongozaji. Mkono kuwa mbali ni la mwigizaji na mazoezi.

#52 fundi_taa
Na usiandike chochote ukiwa ndani. Ukiinama kuandika ndiyo unakosa kanga.

#53 mtoro_wa_Tunguu
Mimi nataka kujua, mhakiki anaingia bure au analipa?

#54 karata_sita
Alipe. Ukiingizwa bure utaona haya kusema sauti ilichelewa.

#55 Pwani_Mchangani
Mimi nikiingizwa bure nitasema hata kofi lilikuwa tamu.

#56 mkaa_baraza
Nililipa. Ahsanteni wote. Kofi nimeshaliandika, Kipemba naandika leo usiku. La nani mwenye kosa bado limenishinda, maana kila mmoja wenu kanishawishi. Nasikia wanataka kuupeleka Pemba.

#57 bintiwete
Waulete! Chake tutawapokea, tukose ukumbi tutawaweka hata Gombani katikati ya uwanja wa mpira. Ila huyo baba tukutane naye bandarini kwanza, tumfundishe kusema.

#58 fundi_taa
Gombani bila paa tena? Nani anafunga spika?

#59 bintiwete
Wewe. Nauli ya boti ujilipie.